Tangi la Kwanza la Samaki Nyumbani: Vifaa vya Kununua Ukiwa Kisumu au Nakuru

Watu wengi hununua tangi la samaki kinyumenyume. Samaki ndio hutangulia, ndani ya mfuko wa nailoni, mtoto ameushika kwa mikono miwili. Tangi hutafutwa jioni ileile. Chujio huja wiki ya pili, samaki wawili wakiwa wamekwisha kuelea juu. Nimefuga samaki wa mapambo kwa miaka tisa: minne Nakuru, Section 58, na mitano hapa Kisumu. Katika miaka hiyo, karibu kila samaki niliyemwona akifa mwezi wa kwanza, kilichomuua ni maji aliyokuwa akiogelea ndani yake.

Ndiyo maana naomba usome kwanza maelezo haya mafupi kabla hujatoa hata shilingi. Ukiyaelewa, itakuwa vigumu kwa muuzaji kukupa kitu usichokihitaji.

Samaki hula, hupumua na hujisaidia mahali pamoja. Taka yake kubwa ni amonia, na nyingi hutokea kwenye matamvua. Ziwani amonia hiyo hupotelea katika wingi wa maji. Ndani ya lita 50 haina pa kwenda, hivyo hubaki ikiyachoma matamvua yaleyale ilikotoka. Wanaomwokoa samaki ni bakteria wanaoishi juu ya kila kitu kilicholowa: kundi la kwanza hugeuza amonia kuwa naitriti, ambayo nayo ni sumu, kundi la pili hugeuza naitriti kuwa naitreti, ambayo samaki huivumilia mpaka uipunguze kwa kubadilisha maji. Bakteria hawa wanataka makao, wanataka hewa, na wanataka muda wa wiki nne hadi sita ili wazaane vya kutosha. Karibu kila kifaa cha maana nitakachokitaja kipo kwa ajili yao.

Hatua ya 1: Mahali kabla ya tangi

Lita moja ya maji ina uzito wa kilo moja. Tangi ninalopendekeza kwa anayeanza, la sentimita 60 kwa 30 na kimo cha 36, likishatiwa maji na mchanga hufika karibu kilo 80. Hebu fikiria gunia la mahindi limewekwa juu ya meza ya sebuleni, usiku na mchana, mwaka mzima. Meza ya runinga iliyotengenezwa kwa mbao za unga ulioshinikizwa itaanza kupinda katikati, na kioo hakijui kupinda. Kitapasuka.

Mwendee fundi wa kuchomelea akutengenezee stendi ya chuma cha mraba cha inchi moja na nusu, kimo cha sentimita 75 hivi ili mtu aliyeketi aone samaki bila kuinama. Hapa Kisumu mimi humwendea fundi wa Kibuye. Mpelekee vipimo vilivyoandikwa kwenye karatasi, usimweleze kwa mikono. Juu ya stendi weka plaiwudi ya milimita 18, na juu ya plaiwudi weka kipande cha stairofomu chembamba. Kazi yake ni kumeza vijiwe na vinundu vidogo ambavyo vingekisukuma kioo mahali pamoja. Mwishoni weka pimamaji pande zote. Stendi ikiegama hata kidogo utaona maji yamepanda upande mmoja, na upande huo ndio utakaobeba mzigo kuliko mwingine.

Kaa mbali na dirisha linalopigwa na jua. Jua la saa nane mchana Kisumu likipiga kioo kwa saa mbili, maji hupata joto kama ya kuogea, na mwani hutanda kila mahali. Kaa mbali pia na mlango wa jikoni, kwa sababu mvuke wa mafuta ya kukaangia hutua juu ya maji na kuziba hewa. Soketi iwe karibu, lakini isiwe chini ya tangi moja kwa moja.

Hatua ya 2: Tangi lenyewe

Tangi la ukubwa huo lina ujazo wa karibu lita 65. Hesabu yake ni rahisi: zidisha urefu, upana na kimo kwa sentimita, kisha gawanya kwa 1,000. Ukiacha nafasi juu na kutoa mahali panapokaliwa na mchanga, utabaki na lita 50 na ushei za maji.

Utaambiwa anza na dogo kwa kuwa wewe ni mgeni wa kazi hii. Usikubali. Maji machache huchafuka haraka na kubadilika joto haraka. Kosa dogo ndani ya lita 10 huua kabla hujalitambua, kosa lilelile ndani ya lita 50 hukupa siku mbili za kulirekebisha. Na lile bakuli la mviringo linalouzwa pamoja na goldfish mmoja, tafadhali liache palepale rafuni. Halina mahali pa chujio, mdomo wake ni mwembamba kwa hewa, na goldfish wa kawaida hukua kupita urefu wa kiganja chako. Goldfish anataka tangi kubwa zaidi hata ya hili ninalolieleza. Kumweka ndani ya bakuli ni kumtesa polepole, nami husikitika kila ninapoona jambo hilo likiitwa zawadi ya mtoto.

Kuna njia mbili za kupata tangi: kununua lililo tayari, au kumpa kazi fundi wa vioo. Fundi mara nyingi hukufaa zaidi, ila mpe masharti haya. Kioo kiwe cha milimita 6. Kingo zote zisagwe zisikate mkono. Silikoni iwe ile safi ya kioo, inayonuka kama siki inapokauka, na isiwe ya bafuni. Ile ya bafuni huchanganywa na dawa ya kuua kuvu, na dawa hiyo huvuja taratibu ndani ya maji. Soma bomba la silikoni wewe mwenyewe kabla halijafunguliwa. Niliwahi kulichukua neno la fundi bila kulisoma, na tangi zima likavunjwa likaunganishwa upya baada ya kupoteza samaki sita.

Likishaunganishwa, liache wiki nzima likauke. Halafu lijaze maji likiwa nje ya nyumba, juu ya sehemu tambarare, siku tatu. Weka magazeti makavu kuzunguka chini yake: tone lolote litaonekana kwenye karatasi kabla halijaonekana kwa jicho.

Hatua ya 3: Chujio, hapa ndipo pesa ziende

Dukani utaonyeshwa machujio ya namna tatu au nne. Liko la kuning'inizwa nyuma ya tangi, linalovuta maji na kuyamwaga kama maporomoko madogo. Liko la kuzamishwa, lenye mota ndani yake. Liko kubwa la mkebe linalokaa chini ya stendi na kupitisha maji kwa mipira miwili. Na liko la sponji, kipande cha povu chenye bomba katikati, kisicho na mota wala taa, kinachoonekana kama kitu cha kuoshea vyombo. Wauzaji wengi hawalitoi mpaka uliulize.

Liulize.

Linavyofanya kazi ni hivi. Pampu ya hewa iliyo nje ya tangi husukuma hewa kupitia mpira mwembamba hadi ndani ya bomba la chujio. Viputo vinapopanda hubeba maji pamoja navyo, na maji mengine hulazimika kuingia kupitia vitundu vya sponji kuchukua nafasi hiyo. Uchafu hunaswa, bakteria hupata makao ya maelfu ya vitundu, na viputo vinapopasuka juu huyatikisa maji yakaingiza hewa. Kwa hiyo kifaa kimoja kinafanya kazi mbili, na kitu pekee kinachoweza kuharibika ni pampu, ambayo unaibadilisha bila kumgusa bakteria hata mmoja.

Hilo la hewa ni zito kwetu kuliko kwa watu wa pwani. Maji ya joto hubeba oksijeni kidogo kuliko maji baridi, na kadiri unavyopanda juu ya usawa wa bahari, hewa yenyewe inapungua. Kisumu ina joto na iko kama mita 1,130 juu. Nakuru ni baridi zaidi lakini iko kama mita 1,850. Kila mji una shida yake, na viputo hutibu zote mbili.

Sababu ya pili ya kuchagua sponji ni stima. Stima ikipotea kwa muda wa saa sita, chujio la mkebe lililofungwa hubaki na maji yasiyo na hewa ndani yake. Bakteria huanza kufa na maji huoza humo. Stima ikirudi, mota husukuma uozo huo wote ndani ya tangi kwa mpigo mmoja. Mwenye chujio la namna hiyo lazima alifungue na kulimwaga kabla ya kuliwasha tena, na stima nayo ina tabia ya kurudi usiku wa manane ukiwa umelala. La kuning'inia nalo mara nyingine hupoteza maji yake, stima ikirudi linazunguka kavu mpaka mota inaungua. Sponji iko ndani ya tangi, imezungukwa na maji yaleyale wanayopumua samaki. Maadamu samaki wana hewa, bakteria nao wana hewa.

Kwa tangi la lita 50 nunua sponji iliyoandikwa lita 80 au 100, au nunua mbili ndogo uziweke kila kona. Mimi hupendelea mbili, kwa sababu unaosha moja wiki hii na nyingine wiki mbili baadaye, hivyo kila mara kuna sponji moja yenye bakteria waliokomaa. Kuosha kwenyewe: toa maji ya tangi ndani ya ndoo, kamua sponji humo mara kadhaa hadi maji yageuke kahawia, irudishe. Usiioshe chini ya mfereji, maana klorini itawaua wote uliowalea kwa wiki sita. Sabuni isikaribie kabisa.

Ukipenda machujio yenye mota, chagua linalozungusha ujazo wa tangi mara nne hadi sita kwa saa, yaani lita 200 hadi 300 kwa tangi letu. Hakuna ubaya. Ila liwe nyongeza, sponji ibaki.

Hatua ya 4: Pampu ya hewa na stima

Pampu nunua iliyo bora kidogo, kwa sababu ya kelele. Ile ya bei ya chini kabisa hulia kama nzi mkubwa aliyefungiwa koponi, na hatimaye mtu wa nyumbani huizima usiku ili alale. Asubuhi samaki wako juu wakitafuta hewa.

Pamoja na pampu nunua vitu vitatu vidogo. Cha kwanza ni vali ya kuzuia maji kurudi, kidude cha plastiki cha ukubwa wa kifundo cha kidole, kinachofungwa katikati ya mpira wa hewa. Stima ikipotea, maji yanaweza kurudi kwa kuufuata mpira huo, yakaingia kwenye pampu na kumwagika sakafuni yakipita soketini. Vali inazuia hilo. Ina upande wake: pulizia kwa mdomo kabla ya kuifunga, hewa ipite kuelekea tangi na isirudi. Cha pili ni mpira wenyewe, mita mbili. Chukua ule laini wa silikoni, kwa kuwa ule mgumu hupasuka mwaka wa pili. Cha tatu ni kivalvu cha kugawa hewa ikiwa una sponji mbili.

Waya wowote unaotoka kwenye tangi uache uning'inie chini kuliko soketi kabla ya kupanda kuiingia. Matone yakifuata waya yataanguka kwenye kile kitanzi cha chini, hayatafika kwenye umeme. Ekstensheni iwe imeshikizwa ukutani, isilale sakafuni. Umeme wetu ni wa volti 240, na maji ya tangi ni mahali utakapotia mkono kila siku. Jizoeze kuchomoa plagi kabla ya kutia mkono, na uwafundishe watoto hivyo tangu siku ya kwanza.

Kwa siku za giza, kuna pampu zenye betri zinazojiwasha zenyewe stima ikikatika, na kuna pampu ndogo za USB unazoweza kuzichomeka kwenye pawabenki ya simu. Mwenye sola nyumbani anaweza kuiunganisha pampu ya USB humo moja kwa moja. Nunua moja ya hizi mwezi uleule unaonunua tangi. Ikiwa huna bado na giza limeingia, usiwalishe samaki, kisha chota maji kwa kikombe uyamwage kutoka juu kama mtu anayepoza chai, kwa dakika chache kila baada ya nusu saa.

Hatua ya 5: Joto

Hapa ndipo Nakuru na Kisumu zinapoachana, na ndipo miongozo iliyoandikiwa nchi za baridi huwapotosha watu wetu.

Samaki wengi wa mapambo wanataka nyuzi 24 hadi 27. Kisumu, ndani ya nyumba, tangi langu hukaa kati ya 25 na 28 bila hita yoyote. Nina hita moja ambayo imekaa kabatini tangu nihamie hapa. Ukiishi Kisumu, pesa za hita zipeleke kwenye pampu ya betri. Shida yako itakuwa siku za Januari na Februari maji yanapovuka nyuzi 30, na dawa yake ni kuongeza viputo, kufungua kifuniko upande mmoja na kuufunika kwa wavu, na kuelekeza feni ndogo juu ya maji.

Nakuru ni hadithi nyingine. Mchana unakudanganya. Mwezi wa Julai kipimajoto changu cha Section 58 kilisoma nyuzi 18 asubuhi na 23 saa tisa mchana, na ni huko kupanda na kushuka kila siku kulikowadhoofisha samaki wangu hadi wakatokwa na vidoa vyeupe kama chembe za chumvi. Nakuru, hata Eldoret na Kericho, nunua hita. Kanuni ya kawaida ni wati moja kwa kila lita. Kwa nyumba ya baridi panda kidogo, wati 75 kwa tangi la lita 50. Iwe ya kujizima yenyewe joto likifika, na uichague yenye namba za nyuzi, maana zile zilizoandikwa alama ya kuongeza na kupunguza tu hukuacha ukibahatisha. Ilaze karibu na sponji ili maji ya joto yasambae. Kabla ya kubadilisha maji, ichomoe na usubiri dakika 20. Kioo chake kikiwa cha moto kikakutana na hewa, hupasuka.

Kipimajoto nunua ukiwa mji wowote. Kile cha kioo chenye kibandiko cha kunyonya kinatosha. Kiweke mbali na hita, usome asubuhi na alasiri kwa wiki mbili za kwanza, na uandike. Hizo namba ndizo zitakazokuambia kama unahitaji hita au la, kuliko maneno yangu.

Hatua ya 6: Vitu vya kutayarishia maji

Maji ya mfereji yana klorini, ambayo ni njema kwetu na ni moto kwa matamvua. Nunua ndoo mbili mpya za lita 20, uziandike kwa kalamu isiyofutika SAMAKI, na uape kwamba hazitaona sabuni wala omo maisha yao yote. Jaza maji, yaache wazi saa 24 hadi 48, ukiweza tia mpira wa hewa ndani, na klorini itatoka. Dawa ya kuondoa klorini huifanya kazi hiyo papo hapo, na ni vizuri kuwa na chupa moja ya dharura: fuata kipimo kilichoandikwa juu yake.

Wa Nakuru wenye maji ya kisima kirefu: maji ya huko mara nyingi yana alkali nyingi, na ni yale yale yanayoyapa meno rangi ya kahawia kwa sababu ya floridi. Usianze kupambana nayo kwa kemikali. Chagua samaki wanaopenda maji ya namna hiyo, kama gapi, plati na moli. Maji ya mvua ni laini sana na hayana madini ya kuyatuliza. Yakitumika peke yake, asidi hupanda ghafla baada ya miezi michache. Yachanganye nusu kwa nusu na ya mfereji, na mvua ya kwanza iliyoosha vumbi la paa iache ipite.

Vipimo vya maji watu huviona ni anasa. Kwangu ni vya lazima kama chujio. Tafuta seti ya matone inayopima amonia, naitriti, naitreti na kiwango cha alkali. Vijikaratasi vya kuchovya ni vya haraka lakini vingi havipimi amonia, na amonia ndiyo unayoiogopa.

Hatua ya 7: Sakafu, mawe na mimea

Mchanga wa mto wa kujengea unafaa. Chekecha, osha ndani ya karai kwa maji mengi hadi yatoke meupe. Itachukua saa nzima, usikate tamaa. Sentimita tatu hadi nne chini ya tangi zinatosha, kilo 10 hivi. Jiwe lolote lidondoshee siki kabla ya kuliingiza: likitoa povu lina chokaa na litabadilisha maji. Makombe na matumbawe kutoka pwani yana tabia hiyo hiyo.

Sasa neno kwa sisi tunaoishi kando ya Ziwa Victoria. Ukienda Dunga utaona mimea mizuri ya majini na konokono wadogo, na mkono utakuwasha kuchukua. Usichukue. Konokono wa ziwani ndio wanaobeba vimelea vya kichocho, na wewe utakuwa unatia mkono ndani ya maji hayo sebuleni kwako, pengine na mtoto wako. Gugumaji nalo tumeshaliona lilivyofunga fukwe zetu. Nunua mimea kwa mfugaji mwenzako ambaye maji yake unayajua, uioshe, uikague majani kwa majani.

Hatua ya 8: Taa na kifuniko

Taa ya LED yoyote nyeupe inayokaa juu ya tangi inatosha. Iwake saa sita hadi nane kwa siku, na ununue saa ya kuizima yenyewe ikiwa husahau. Taa kali usinunue bado.

Kifuniko usikifanyie mzaha. Huzuia samaki kuruka, maji kukauka, mjusi kutumbukia na paka kuvua. Lakini kwetu kina kazi kubwa kuliko hizo. Ukanda huu una mbu, na kila nyumba ina dawa. Nyingi hutengenezwa kutokana na pareto, ua lilelile linalolimwa Molo, au kemikali zilizoigwa kutoka kwake. Dawa hizo hazimdhuru sana binadamu, lakini kwa samaki ni sumu kali mno. Mpulizo mmoja chumbani unatosha kumaliza tangi zima, kwa sababu pampu huivuta hewa ya chumba na kuisukuma moja kwa moja ndani ya maji. Ukitaka kupulizia, au wapulizaji wa malaria wakija, zima pampu, funika tangi lote kwa nailoni na uizungushe hadi chini, fungua madirisha baada ya kazi, na usiwashe pampu mpaka harufu iishe. Bora zaidi, chumba chenye tangi kisipuliziwe. Laleni ndani ya neti. Ukiwa umejipaka dawa ya mbu mikononi, usitie mkono majini.

Vitu vidogo vilivyobaki: wavu wa samaki wenye kitambaa laini, mpira unaoonyesha maji ndani, wa nusu inchi na urefu wa mita mbili wa kunyonyea uchafu, na kipande cha sponji mpya cha kufuta mwani. Mpira usiunyonye kwa mdomo. Uzamishe wote ujae maji, ziba ncha moja kwa dole gumba, ishushe ndani ya ndoo, achia.

Hatua ya 9: Kuwasha tangi lisilo na samaki

Weka stairofomu, tangi, mchanga, mawe, sponji, hita kama unaihitaji, kisha mimina maji juu ya sahani ili mchanga usitifuke. Washa kila kitu. Siku ya pili maji yakiwa ya ukungu usishtuke.

Tia chembe chache za chakula cha samaki kila siku, kama vile unalisha samaki ambao hawapo. Chakula kitaoza na kutoa amonia, na bakteria watapata cha kula. Pima kila baada ya siku tatu na uandike. Utaona amonia inapanda, halafu inashuka huku naitriti ikipanda, halafu naitriti nayo inashuka. Joto la Kisumu huharakisha kidogo. Nakuru bila hita huenda ukavuka wiki ya sita. Ukimpata mfugaji wa kukupa sponji iliyokomaa, muda huo hupungua sana, na hiyo ndiyo zawadi bora kuliko samaki.

Amonia sufuri na naitriti sufuri kwa wiki nzima, huku ukiendelea kutia chakula, ndipo ubadilishe nusu ya maji na uende dukani. Nunua gapi watano tu, madume watupu usije ukajaziwa vifaranga. Uache mfuko uelee juu ya maji dakika 20, tia kikombe cha maji ya tangi ndani yake kila dakika tano kwa nusu saa nyingine, kisha watoe kwa wavu na umwage maji ya dukani. Usiku huo usiwalishe, wala usiwashe taa.

Pima amonia kila siku wiki ya kwanza. Ikionekana, badilisha robo ya maji siku hiyohiyo. Isipoonekana, badilisha lita 12 kila wiki. Baada ya mwezi unaweza kuongeza wengine watano.

Wapo watakaokuambia ukachote fulu, wale samaki wadogo wa asili wa ziwa letu, badala ya kununua. Fulu ni wazuri kweli. Madume wao wana rangi za kuwashangaza watu wa Ulaya, ambako wafugaji wanawatunza kwa uangalifu mkubwa. Lakini wa ziwani huja na vimelea, wanapigana ndani ya sentimita 60, na wengi wao walitoweka miaka ya 1980 baada ya mbuta (sangara), aliyeletwa kutoka nje, kuongezeka ziwani. Waache huko. Na samaki wako wa dukani, hata ukichoka naye, usimwachilie ziwani wala mtoni. Mpe mfugaji mwingine, au mrudishe alikotoka.